Dari Haikukaguliwa

"Huku juu analala nani?"

Mkaguzi aliuliza hivyo kichwa kikiwa kimezama kwenye tundu la dari, miguu yake ikiwa bado kwenye ngazi. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua limejaa sebule nzima. Chini tulikuwa watatu: mimi, mama yangu mdogo aliyetaka kuinunua nyumba ile, na dalali. Nyumba ilikuwa imefungwa miaka minne.

Mpaka hapo alikuwa amekagua vizuri tu. Alifungua kila bomba, akagonga vigae kimoja kimoja, akapima unyevu ukutani, akawa anajaza fomu yake. Kosa lilikuwa letu: mkaguzi tuliletewa na dalali yuleyule aliyekuwa anauza.

Alishuka taratibu. Nikapanda mimi. Tochi ilimulika vumbi nene kama blanketi kuukuu, na katikati, juu ya mbao, sehemu safi. Ndefu. Ina mabega. Vumbi la pembeni halikuwa na alama hata ya kidole.

"Andika hicho," nilimwambia mkaguzi.

"Niandike nini, dada? Fomu haina kisanduku chake."

Akaandika: *Dari haikukaguliwa.*

Dalali akacheka. "Anti, unanunua nyumba, huolewi. Ukichagua sana utazeekea kwa watu."

Alijua pa kuchoma. Mama mdogo alikuwa amepanga miaka ishirini na miwili, akihamishwa kila mwenye nyumba anapotaka vyumba vyake. Nilimmwagia hoja zangu zote. Akanipigapiga begani.

"Mwanangu, haikukaguliwa si sawa na mbovu. Na hapa si kwenye midahalo yenu ya chuo."

Akasaini.

Wiki ya tatu alinipigia mchana, akinong'ona.

"Kuna mtu anajigeuza huko juu."

"Toka nje, mama."

"Nitoke niende wapi? Hapa ndipo kwangu."

Kisha: "Amesogea. Ananipa nafasi."

Nilifika baada ya dakika arobaini. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Jirani akanisaidia kuvunja mlango. Pasi ilikuwa inawaka, blauzi imenyooshwa mkono mmoja tu. Ndani hamkuwa na mtu, wala ngazi. Askari alipokuja alipandia meza, akachungulia. Akakaa sana.

Sehemu safi zilikuwa mbili.

Ya pili ilikuwa fupi, imejikunja kwa ubavu, anavyolala yeye. Vumbi la pembeni halikuguswa.

Huu ni mwezi wa nane hajaonekana. Mjomba, kaka yake wa tumbo moja, amechoka kusubiri. Anaiuza nyumba, kwa dalali yuleyule, kwa fomu ileile. Nilipompinga mbele ya ukoo aliniambia nipunguze mdomo, elimu imenivimbisha kichwa. Wakubwa wote wakaangalia chini.

Jumamosi saa nne anawaleta wanunuzi. Kama ni wewe, naomba uje na mkaguzi wako mwenyewe, umshikie ngazi, na akishuka usimpe kalamu mpaka akwambie ameona wangapi.