Taa ya Oili Iliyonyamaza

Ilikuwa Jumatano, tarehe 9 Julai 2025, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Upepo wa kusi ulivuma kwa nguvu na mbingu ilikuwa safi, haina wingu. Ahmada alitoka nje ya nyumba yake pale Jambiani, akainama kutazama chini ya gari lake. Mchangani palikuwa na doa jeusi, pana kama sahani. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akalifukia kwa mguu, kama paka.

Gari lenyewe lilikuwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo ambacho injini yake hukaa chini ya viti vya mbele. Kwa kirikuu hicho Ahmada alilisha nyumba yake. Bahari ikipwa, mkewe Wanu na wanawake wenzake walivuna mwani, naye aliubeba kutoka pwani hadi uwanja wa kuanikia. Nyuma pakijaa, gunia la mwisho alilikalisha kando yake kwenye kiti cha mbele, likichuruzika maji ya chumvi, kama abiria wa heshima. Wenye virikuu wote wa pwani ile walifanya hivyo, na hakuna aliyeona kosa.

Wiki hiyo palikuwa na safari kubwa. Kikundi cha Wanu kilitengeneza sabuni za mwani, na hoteli moja ya Kendwa ilikuwa imeagiza makasha yake ya kwanza. Yalitakiwa kufika Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Yasipofika, hoteli ingenunua kwingine. Na kutoka Jambiani kwenda Kendwa ni kuvuka kisiwa kizima.

Haitham, kaka yake Wanu, alinunua vyuma chakavu. Kila alipopita, alikitazama kirikuu kama mchinjaji atazamavyo mbuzi. Asubuhi ile alisimama mlangoni.

"Shemegi, niuzie mapema. Hili litakufia njiani, pale Mahonda, na mimi ntalifuata huko na mizani yangu."

"Litafika na litarudi," alijibu Ahmada.

"Likifika na kurudi bila kudondosha oili, mimi Haitham ntabeba magunia ya mwani kichwani, mbele ya wanawake wote, mpaka la mwisho."

Wanu alikuwa akifunga sabuni. Aliinua uso. "Tumekusikia, kaka. Ahadi hiyo tunaiweka."

Ahmada hakuwa na wasiwasi. Wiki iliyopita aliona oili ikitoka penye swichi ya oili, kidude cha chuma kilichofungwa ubavuni mwa injini. Akakifungua, akakizungushia ile tepu nyeupe ya kufungia mabomba ya maji, mara nyingi, akakikaza kwa nguvu zake zote. Oili ilipungua kutoka. Tena, taa nyekundu ya oili iliyokuwa ikimsumbua haikuwaka tena. Taa haiwaki, basi injini ni nzima. Ndivyo alivyoamini.

Lakini Wanu alikuwa ameliona lile doa kupitia dirishani. Hakugombana. Alikwenda kwa jirani yao, Bi Badria, fundi wa magari mwenye karakana mjini, Mpendae, ambaye siku hizo alikuwa nyumbani kumwangalia dada yake mgonjwa. Wakarudi pamoja.

"Ahmada," aliita Bi Badria.

"Naam. Shikamoo, Bi Badria."

"Marahaba. Fungua swichi ya gari, lakini usiwashe injini. Niambie taa zipi zinawaka."

Ahmada alizungusha ufunguo. Taa ya betri iliwaka. Taa ya oili ilikaa kimya.

"Unaona?" alisema Ahmada kwa fahari. "Haiwaki. Nshaitengeneza."

"Hukuitengeneza. Umeiziba mdomo."

Kisha akamweleza polepole. Injini ikiwa imezimwa, oili haina presha, kwa hiyo taa lazima iwake. Injini ikiunguruma, presha hupanda na taa huzimika. Ikiwaka njiani, dereva husimama hapo hapo, akazima injini. Umeme wa taa ile hupita kwenye waya, ukaingia kwenye swichi, ukashuka kwenye injini kwa njia moja tu: chuma kugusana na chuma. Ahmada alikuwa amekivika chuma nguo ya plastiki. Hata oili ikiisha yote, taa isingesema neno.

Bi Badria alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Ncha tu ndiyo iliyolowa. Ahmada alikitazama.

"Kwa hivyo kesho…"

"Kesho injini ingekwama, na sabuni za mkeo zingelala njiani."

Ahmada hakujitetea. Aliuliza jambo moja tu: afanye nini. Huo ndio uungwana.

Injini ilikuwa baridi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Bi Badria alichomoa waya, akafungua swichi. Ilikuwa imeliwa na kutu, na mwili wake una ufa. Alinusa kidole chake. "Chumvi ya mwani," alisema, akakitazama kiti cha abiria. Ahmada alielewa bila kuambiwa.

Swichi mbovu ilipigwa picha, namba yake ikatumwa karakana Mpendae, na alasiri swichi mpya ya aina ile ile ikaja na gari la mikate. Ahmada aliifunga mwenyewe, Bi Badria akimwelekeza. Alisafisha tundu kwa kitambaa, uchafu usiingie ndani. Hakutia tepu. Alianza kukaza kwa vidole, mpaka swichi ikakaa sawa, ndipo akashika spana.

"Kidogo," alisema Bi Badria. "Hufungi jahazi. Ukizidisha, tundu litapasuka."

Wakarudisha waya na kujaza oili mpaka kwenye alama. Ahmada alizungusha ufunguo. Taa nyekundu iliwaka, naye kwa mara ya kwanza maishani akafurahi kuiona. Akawasha injini, taa ikazimika. Wakatandika kipande cha boksi chini ya gari. Alfajiri kilikuwa kikavu, hakina doa.

Alhamisi kirikuu kiliondoka jua likichomoza. Kilipita Mahonda bila kukohoa. Saa nne na nusu Wanu aliyakabidhi makasha Kendwa; mwenye stoo alifungua moja, akanusa, akaagiza mengine ya kila mwezi. Jioni walirudi wakipiga honi tangu mwanzo wa kijiji. Haitham alilala kifudifudi mchangani, akatazama uvunguni. Hakupata hata tone.

Jumamosi ilikuwa bamvua, na bahari ilikupwa mbali. Haitham alikuja pwani na kata yake ya nguo kichwani, tayari kwa mizigo. Wanawake walimpigia vigelegele kwa kila gunia alilolipandisha garini. Nyuma palipojaa, gunia moja likabaki. Kwa mazoea akafungua mlango wa mbele.

Ahmada aliufunga. "Hapo hapakai mwani tena, shemegi."

Haitham alilitazama gunia, akautazama mwendo wa kutoka pwani mpaka uwanjani. Kisha akajitwika. Maji ya chumvi yalimtiririka shingoni mpaka kiunoni, na kirikuu kilimfuata taratibu nyuma, taa yake ya oili imezimika kama inavyotakiwa. Alilitua gunia miguuni mwa dada yake.

"Nshalipa?"

"Umelipa," alisema Wanu.