Saa ya Nahum

Jumatano, tarehe 14 Oktoba 1998, saa moja na nusu asubuhi, kompyuta ya ofisi ya kanisa hapa Kamina iliwaka yenyewe. Umeme ulikuwa umekatika tangu Jumapili.

Ève alikuwa akifagia. Alisikia vibonye vikibonyezwa polepole, kisha harufu ya sabuni na mawese, harufu ya shati la marehemu mume wake.

Mume huyo, Nahum, karani wa ofisi hiyo, aliyeuawa vita vilipoanza, ndiye aliyetengeneza saa iliyomo kwenye kompyuta. Haikuwa na tarakimu. Ilikuwa miraba mitano ya nyota kwenye kioo cheusi: wa moja, wa moja tena, wa mbili, wa tatu, wa tano, kila mmoja baada ya ile miwili ya kwanza ukiwa jumla ya miwili iliyoutangulia. Ukijumlisha iliyowaka, unapata saa. Ni Ève tu aliyejifunza kuisoma.

Sasa, kabla ya saa mbili kufika, uliwaka mraba wa mbili peke yake. Na saa mbili ndiyo saa ya lori la Bukama, ambalo binti yao Mira angepanda kwenda kwa bibi yake.

Mchungaji Amédée alisimama mlangoni.

“Mama Mira, ile haiko Nahum. Ni jini. Imevaa harufu yake.”

“Pasta, jini ilisomea hesabu wapi?”

“Shetani alisoma zamani, mbele yetu sisi.”

“Basi acha asome. Mutoto wangu hapandi ile kamyo.”

Mchungaji aliomba, akaifunika mashine kwa kitambaa cheupe. Ève alimshika Mira mkono. Lori likaondoka, saa mbili ikapita, hapakutokea neno.

“Unaona?” Mchungaji akanong'ona. “Ilikuwa inakutisha tu.”

Saa mbili na nusu likaja lori la pili. Ève akamwachia Mira mkono, naye akapanda juu ya magunia ya mahindi, akacheka.

“Papa angekuwako, hata hii ingetuacha. Yeye na saa yake ya Kinshasa.”

Lori likang'oka. Ève akabaki amesimama. Nahum alisomea Kinshasa, ambako saa ziko nyuma yetu kwa saa moja, na hakukubali kamwe kubadili saa yake, ya mkononi wala ya mashine, na kwa miaka kumi na minane mke wake alikuwa akiongeza moja bila hata kufikiri, na asubuhi hii, kwa hofu, alikuwa amesahau kuiongeza. Akakimbia akiita jina la mtoto mpaka kwenye reli, vumbi likimjaa kinywani, na saa tatu kamili akasikia mshindo mbali, upande wa barabara ya Bukama.

Alirudi, akafunua kitambaa. Kioo kilikuwa cheusi.

Kama alikuwa Nahum, alionya kwa saa yake mwenyewe. Kama alikuwa jini, alimjua Nahum vizuri mno.

Tangu hapo, kila Jumatano, kompyuta huwaka bila umeme. Jumla ni mbili kama siku ile. Lakini mraba wa mbili hauwaki tena. Huwaka ile miwili ya moja, bega kwa bega.

Ee Bwana, uwapokee Nahum na Mira, uwape raha ya milele. Na saa ile moja ambayo mama aliisahau, usimhesabie. Amina.