Aliyejibu Kabla ya Dennis

Harufu ya karafuu maiti ilianza siku Sabiri alipochomelea kipande cha mwisho.

Faudhia, mkewe, aliingia na kikombe cha chai, akasimama pale pale mlangoni. "Kuna msiba kwa jirani?"

"Msiba gani?"

"Nasikia harufu ya kuoshea maiti."

Sabiri akanusa. Moshi wa risasi ya kuchomelea aliujua vizuri. Alikuwa fundi wa redio na simu pale Masuguru, Korogwe, kwa miaka kumi na moja. Huu haukuwa moshi wa risasi. Lakini alikuwa na hamu ya kukiwasha kifaa chake, akasema labda ni dawa ya mbu, na Faudhia akarudi jikoni hajaridhika.

Kifaa chenyewe kilikuwa kijiredio cha kupokea na kurusha. Kilikuja kwa posta vipande vipande, naye akakiunga kwa wiki tatu, mpaka koili akaizungusha kwa mkono kwa waya mwembamba kama unywele. Nguvu yake ilikuwa wati tano tu, chini ya taa ya chumbani. Hakikuwa na kipaza sauti. Herufi zilipelekwa kwa kubonyeza swichi: mlio mfupi, mlio mrefu, mtindo wa Morse. Rafiki yake Dennis, mwalimu wa fizikia kule Handeni, alinunua cha kwake kama hicho. Wote wawili walikata leseni, wakakubaliana kuongea kila siku saa kumi na moja jioni.

Dennis alichelewa kumaliza cha kwake. Jioni tatu Sabiri alikaa peke yake, waya wa antena ukiwa umetoka kwenye paa hadi kwenye mkuyu wa nyuma ya nyumba, akaita kama waitavyo watu wa redio wanapotaka kujibiwa na mtu yeyote hewani: yeyote, yeyote, naita yeyote.

Jioni ya nne akajibiwa. Ni mimi, Dennis.

Sabiri aliruka kwenye kiti kwa furaha. Kwa siku kumi na mbili wakaongea, habari za mvua iliyogoma, habari za wanafunzi. Siku ya kumi na tatu herufi zilikuja taratibu masikioni mwake, naye akaziandika moja moja:

Kile kitenge cha kijani kimempendeza Faudhia.

Sabiri akavua hedifoni. Dirishani alimwona mkewe akianua nguo, amevaa kitenge cha kijani. Kilitoka kwa mshonaji asubuhi ile, na hakuwa amevuka nacho uani.

Umejuaje? akabonyeza.

Muulize mwenyewe.

Usiku ule Sabiri aliisukuma sahani pembeni. "Dennis alipita hapa leo?" aliuliza.

"Dennis? Atoke Handeni katikati ya wiki aje kufanya nini?"

"Nimeuliza tu."

"Hujauliza tu," Faudhia alisema, akaondoa sahani.

Tangu hapo Sabiri akawa mtu wa kuchungulia. Alifunga duka mapema, akaikagua simu ya mkewe akiwa kisimani, akahesabu dakika alizokaa huko. Na kila jioni yule wa hewani aliongeza kidogo. Leo amecheka peke yake. Leo hakukusubiri kula. Kisha, siku ya Jumatano: Lile kovu chini ya bega lake la kushoto, alikuambia alilipataje?

Kovu lile hakulijua mtu mwingine isipokuwa mume. Asubuhi ya Alhamisi Sabiri alipanda basi la Handeni bila kuaga.

Alimkuta Dennis nyumbani, likizo, yuko na mkewe, Glory. Sabiri hakuketi. "Mwalimu, una nini na mke wangu?"

Sabiri alipomweleza habari za redio, mwalimu aliingia ndani, akatoka na kopo la biskuti. Ndani yake kilikuwemo kijiredio, kimefunguliwa, kipande kimoja kimeungua cheusi.

"Fundi, kiliungua siku ile ile nilipokiwasha," alisema kwa sauti ya chini. "Niliona aibu kukuambia, mimi mwalimu wa fizikia. Sijakurushia hata herufi moja."

"Ni kweli, shemeji," Glory alisema. "Kopo hilo halijatoka chini ya kitanda."

Sabiri alikuwa bado anakitazama kile kipande cheusi simu yake ilipolia. Alikuwa Faudhia, ananong'ona. "Sabiri, uko wapi? Kile kidude chako kinapiga kelele."

"Chomoa betri."

"Nimechomoa. Betri ninayo mkononi. Mbona bado kinalia?"

"Kisogezee simu."

Milio ikaja, mifupi, mirefu, bila pupa. Dennis aliandika pembeni ya gazeti na Sabiri akasoma pamoja naye, mpaka kalamu ikasimama: Asante kwa kutuachia nyumba.

"Faudhia, toka nje! Toka sasa hivi!"

"Ngoja, kuna mtu anabisha hodi," sauti ikasema, kisha ikawa ndogo zaidi. "Sabiri... mbona ni sauti yako?"

Simu ikakatika, na haikupatikana tena, wala yeye na Dennis walipokodi bodaboda na kupakiana nyuma ya dereva, wala njiani vumbi lilipowajaa machoni na Sabiri akawa anabonyeza namba ile ile huku akikumbuka kila swali alilomuuliza mkewe, ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, mbona umekawia, maswali ambayo sasa aliona wazi kwamba hakuyatunga peke yake, na harufu ya karafuu maiti ikawapokea hata kabla hawajakata kona ya nyumba.

Faudhia alikuwa ameketi mezani, ametulia, macho wazi. Kidole chake cha shahada kiligonga mbao, kifupi, kirefu, naye hakuwahi kufundishwa herufi hata moja. Dennis alisikiliza mpaka mwisho.

"Anasemaje?" Sabiri aliuliza.

"Anasema, huyu ni wangu."

Kesho yake alfajiri walimpeleka kijijini Kang'ata kwa Bibi Chausiku, dada wa nyanya yake Faudhia, aliyejulikana kwa kutoa majini. Bibi alimfunika shuka jeupe, akafukiza ubani, akasoma aya kwenye maji na kumnyunyizia. Jua lilipopanda, mdomo wa Faudhia ukafunguka na sauti nene ikatoka.

"Nani kakufungulia mlango?" Bibi aliuliza.

"Sikuvunja mlango. Mumewe aliita yeyote, jioni tatu. Waya wake kaufunga kwangu, kwenye mkuyu. Mimi ni yeyote."

"Na fitina ulizotia?"

Sauti ikacheka. "Nilimwambia maneno machache. Mengine kajisemea mwenyewe."

Sabiri aliinamisha kichwa. Bibi alimtuma arudi Korogwe akate waya na kukichoma kifaa kwa mkono wake, naye akafanya hivyo siku ile ile. Alasiri Bibi akampigia kumwambia kwamba Faudhia amepiga ukelele mmoja, ameomba maji na amelitaja jina lake mwenyewe. Kisha Faudhia akachukua simu.

"Nimesikia yote uliyoyafikiria juu yangu," alisema. "Nitabaki kwa bibi. Nikiwa tayari nitakuambia."

Wiki tatu Sabiri aliishi peke yake. Kisha, Jumanne moja saa sita mchana, Faudhia akaingia uani na mfuko wake mkononi, hakupiga hata simu.

Sabiri alipiga magoti. "Nisamehe, mke wangu."

"Yameisha," alisema, akamshika bega. "Umekonda. Nikupikie."

Akaingia jikoni. Sabiri aliketi barazani, kifua kimeachia kwa mara ya kwanza tangu masika, akisikiliza mchi ukitwanga kinuni. Simu ikalia mfukoni.

"Sabiri," Faudhia alisema, na nyuma yake kuku wa Bibi Chausiku walikuwa wakilia. "Nimefikiria sana. Njoo Kang'ata Jumamosi unichukue."

Jikoni, mchi ukanyamaza.