Mtu wa Nyuma ya Kapteni

Kwanza walidhani ni kosa la diski. Katika sehemu ya arobaini na moja ya katuni, nyuma ya kiti cha kapteni, kando ya mlango wa chuma, alikuwa amesimama mtu mwenye koti la kijivu ambaye hakuwepo katika sehemu arobaini zilizotangulia. Hakusema neno wala hakutajwa na yeyote. Meli ilipopigwa na mabaharia wote wakaanguka kifudifudi, yeye hakuyumba.

Jaydeep alirudisha picha nyuma, akaisimamisha, akafuta lenzi ya projekta kwa pindo la shati lake. Mtu alibaki palepale.

Huo ulikuwa mwezi wa kumi, mwaka 2007, katika ukumbi mdogo nyuma ya duka la vyombo la akina Jaydeep, mjini Nakuru. Kila Jumapili saa tisa mchana, watu waliokwisha kusali na kula walikuja kutazama katuni ya Kijapani yenye sehemu mia moja na nane, hadithi ya meli iliyopotea kati ya nyota ikitafuta njia ya kwao. Jina lake halisi hakuna aliyeweza kulitamka bila kujing'ata ulimi, kwa hiyo waliiita Meli tu, mambo yakaisha. Na usiniulize watu wazima walifuata nini kwenye katuni. Mwaka ule watu wazima wengine walifuata siasa, na tukaona walikofika.

Maneno ya Meli yalikuwa Kijapani, na maandishi ya chini yalikuwa Kiingereza cha kukimbia. Ndiyo sababu palikuwa na Ngigi. Alikaa kando ya kitambaa cheupe na maiki mkononi, akiwasemea wote kwa Kiswahili cha Nakuru. Kapteni alimpa jina la Chifu. Mpishi mnene alimpa la Kikopey, kama kile kituo cha nyama choma barabarani, kwa kuwa kila alipoonekana alikuwa na nyama. Mke wa Ngigi, Jepkosgei, alikaa safu ya mbele, na ingawa aliisikia sauti hiyo nyumbani kutwa, bado aliifuata kama mgeni. Alisema waziwazi kwamba alimpenda Ngigi kwa masikio kabla ya kumwona. Ngigi alikuwa Mkikuyu naye alikuwa Mkalenjin, na kwa miaka sita ya ndoa hilo halikuwa neno ila siku za mahari, mashemeji walipotaka kujifanya wakali.

Chai ya baadaye ndiyo hasa iliyowaleta wengi. Bhagwanti, nyanya yake Jaydeep, ambaye ukumbi mzima ulimwita Dadi, alileta birika la chai ya tangawizi, na watu wakabaki kubishana. Siku ile ubishi ulikuwa mmoja tu. Mwalimu Wanjugu, ambaye alisahihisha hata matamshi ya Wajapani, alishikilia kwamba mtu yule ni baba yake Chifu. Jaydeep alisema ni jasusi na atafichuliwa sehemu ya sitini. Jepkosgei alisema hampendi, basi, wala hakuwa na sababu.

Jaydeep akauliza kwenye mtandao, katika ukurasa ambapo wapenzi wa Meli wa nchi nyingine walikutana kuzungumza. Alijibiwa na watu kumi na wawili. Wote walisema nyuma ya kapteni hapana mtu, na mmoja akatuma picha ya dakika ileile: kiti, mlango wa chuma, na ukuta mtupu. Jaydeep aliwaambia wenzake kwamba labda wao wana toleo tofauti. Kila mtu alikubali haraka mno.

Mtu yule aliendelea kuonekana, na kila Jumapili alikuwa hatua moja karibu zaidi na kiti. Watu wakamzoea, kama mtu anavyozoea nyufa za nyumba yake. Kufikia Novemba walikuwa wakimchangamkia. Siku moja kijana wa safu ya nyuma akamwambia Ngigi ampe huyo jamaa sauti, amechoka kunyamaza, na ukumbi mzima ukaunga mkono kwa makofi.

Sasa, wasemaji wa kumbi za video wana mwiko mmoja, na Ngigi alifundishwa na mzee aliyemwachia kazi kule Gilgil: anayefungua mdomo kwenye picha, msemee upendavyo, asiyefungua mdomo, mwache. Ngigi aliujua mwiko huo kama jina lake. Lakini makofi ni pombe. Akaisogeza maiki, akashusha sauti hadi tumboni, akasema, "Nawaona nyote."

Watu walicheka hadi machozi. Kwenye kitambaa, mtu wa koti la kijivu aligeuza uso kwa mara ya kwanza, akamtazama si Chifu, bali Ngigi.

Jumapili iliyofuata Ngigi alikuwa akimsemea Kikopey, katikati ya mzaha kuhusu mbavu, ndipo mdomo wake ukaacha mzaha na kusema kwa ile sauti ya tumboni, "Barua ya Wanjugu iko ndani ya mto, upande wa zipu." Kisha akaendelea na mbavu. Wanjugu alisimama, akaketi, akasimama tena. Ilikuwa barua ya daktari ambayo hakuwa amemwonyesha hata mamake. Alitoka bila kuaga na hakurudi tena pale.

Ngigi aliapa kwamba hakusema kitu. Lakini Desemba ilipofika alisema palipofichwa bangili za marehemu mama yake Jaydeep, akasema jirani fulani amefukia nini chini ya banda la kuku, na nyumbani, akiwa usingizini, alisema mambo ambayo Jepkosgei hakuwahi kuyasimulia kwa mtu, moja baada ya jingine, kama anayesoma orodha. Kitu kile hakikudanganya wala hakikutisha. Kilisema tu kilichofichwa kiko wapi. Jepkosgei alikaa macho na kuogopa, maana sauti ilikuwa ileile aliyoipenda.

Halafu ukaja uchaguzi, na baada ya uchaguzi ukaja moto. Mwisho wa Januari moto huo uliingia Nakuru. Vijana wenye mapanga walipita mitaani wakiuliza watu majina na lugha ya mama zao, majirani wakasahau walivyokopeshana chumvi, na serikali ikatangaza kafyu. Mlangoni kwa Ngigi palibandikwa karatasi iliyosema ana siku moja ya kumtoa "huyo wako", yaani mkewe Mkalenjin. Alfajiri Jaydeep aliwachukua wote wawili. Nyuma ya kitambaa cheupe palikuwa na mlango wa stoo ya sufuria, na humo ndimo Jepkosgei alimoketi, kati ya makarai, akipumua kwa kipimo.

Ndipo Ngigi alipong'amua kilichokuwa kikimngoja: kitu kile husema kilichofichwa kiko wapi, na sasa aliyefichwa ni mkewe. Alimwambia Dadi kwa kunong'ona, akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Dadi alichukua pilipili kavu saba na chumvi ya mawe, akazizungusha juu ya kichwa cha Ngigi, akazitupa kwenye makaa ya jiko. Kila mtu anajua pilipili ikiungua mtaa mzima hukohoa. Zilikunjamana, zikawa nyeusi, zikatoa moshi mzito. Hakuna aliyekohoa. Moshi haukuwa na harufu yoyote, wala ya pilipili, wala ya makaa, wala ya kitu chochote cha dunia hii.

"Wewe napea yeye sauti," Dadi alimwambia polepole. "Sasa yeye nakaa ndani. Kama mtu nauliza kitu leo, wewe hapana fungua mdomo. Hata kidogo."

Waislamu wa mtaa wa Bondeni wangemwita jini, Dadi alimwita bhut, na sioni haja ya kugombania jina. Birika la chai lilikuwa juu ya jiko lilelile, pale ukumbini, likitokota kwa ajili ya kifungua kinywa ambacho hakuna aliyekitaka, na saa nne asubuhi, jua likiwa kali na barabara nyeupe, vijana sita waliingia.

Wanne kati yao walikuwa wateja wa Jumapili. Yule aliyewaongoza ndiye kijana wa safu ya nyuma aliyeanzisha makofi mwezi wa Novemba. Alikuwa na panga lililofungwa mpini kwa raba, na alionekana kama hajalala siku tatu.

"Niaje, Ngigi," alisema. "Tunasikia bibi yako bado yuko town."

Ngigi alitikisa kichwa.

"Hapana, boss. Sema kwa mdomo. Wewe ndio wa kuongea, si ndio? Sema hayuko hapa na tutaenda. Si tunakuamini."

Jaydeep aliingilia kwamba jamaa ana matubwitubwi, hawezi kusema, na kijana akamwomba kwa adabu kabisa anyamaze. Wakamngoja Ngigi. Nyuma ya kitambaa Jepkosgei alisikia kila neno, akasikia pia jambo ambalo vijana hawakulisikia, mkoromo mdogo kooni mwa mumewe, ule uliotangulia kila mara kabla sauti haijatoka, na akajua kwamba Ngigi ameuma meno, na kwamba ndani ya meno hayo kuna kitu kinachosukuma kutoka tumboni, kinapanda kifuani, kinafika nyuma ya ulimi kikiwa na jina lake na jina la stoo na idadi ya makarai yaliyomzunguka, na kwamba si chuki, kitu hicho hakimchukii mtu, kinataka tu kusema alipo, na akabana magoti yake kwa mikono miwili akimwomba Mungu wa mama yake na Mungu wa mama mkwe wake kwa pamoja.

Midomo ya Ngigi ilianza kufunguka. Wote waliona, na waliona kwamba si yeye aliyekuwa akiifungua. "Yu..." ilisema ile sauti.

Ngigi alilishika birika, akaelekeza mdomo wake kwenye mdomo wa birika, akamimina chai ya kutokota kooni, na hakuacha mpaka Jaydeep alipompokonya.

Mlio aliotoa haukuwa neno. Vijana walirudi nyuma, mmoja akatapika kizingitini, na yule kiongozi, ambaye alikuwa amekuja kuua na hakuwa ameogopa jambo hilo, aliliogopa hili. Waliondoka bila kuangalia stoo.

Dadi alitupa pilipili nyingine makaani hata kabla ya kushughulikia majeraha. Safari hii duka lote lilikohoa, Jaydeep alikohoa, Dadi alikohoa, Jepkosgei akatoka stoo akikohoa na kulia na kumkumbatia mumewe, na kamasi zikiwatoka wakamshukuru Mungu. Ngigi alikuwa huru. Hakuwa na sauti yoyote, hata ya kuguna, lakini alikuwa huru.

Jioni hiyo, kabla ya kafyu, Jaydeep alimpakia Jepkosgei kwenye pikapu chini ya masanduku ya sufuria. Ngigi aliandika kwenye karatasi: *Usiniambie unaenda wapi. Sitaki kujua mpaka yaishe.* Jepkosgei alisoma, akakataa, akasoma tena, akakubali. Alimbusu paji la uso, kwa kuwa midomo haikugusika.

Alifikia Njoro, kwa Sally, rafiki wa shule aliyefuga ng'ombe upande wa mashamba ya ngano. Siku zilipita. Ngigi alimwandikia ujumbe kwa simu asubuhi na jioni: leo amekunywa uji, leo Dadi amemkaripia, leo wametazama Meli bila msemaji na kila mtu akajisomea kimyakimya, na lile koti la kijivu halikuonekana tena. Jepkosgei alifurahi, akajibu, akawasalimu wote. Lakini aliikosa ile sauti kwa namna ambayo aliona haya kumwambia hata Sally. Mume hai unaye, alijiambia. Wengine hawana. Hata hivyo aliikosa.

Siku ya kumi na moja, saa kumi alasiri, Sally akiwa amepeleka maziwa, Jepkosgei alikuwa zizini akimkamua ng'ombe wa mwisho. Simu ikalia. Namba ilikuwa ya Ngigi. Alishangaa kwamba anapiga badala ya kuandika, akaibana simu kwa bega.

"Jepko," ilisema sauti ya Ngigi.

Nzima. Tamu, nzito kidogo mwishoni mwa neno, kama alivyoisikia mara ya kwanza kabla ya kuuona uso. Ndoo ilimponyoka na maziwa yakatapakaa, naye hakuyatazama. Alilia na kucheka. Aliuliza daktari amefanya nini, tangu lini, mbona hakumwambia, na ile sauti ikamwacha aulize yote, kisha ikasema kwa upole kwamba imekuwa ikimtafuta sana.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Njoro," alisema Jepkosgei. "Kwa Sally. Ukipita kituo cha maziwa, geti la tatu, lile la bluu. Kuja, Ngigi. Kuja hata leo."

"Asante," ilisema sauti, na simu ikakatika.

Alikuwa bado anatabasamu ujumbe ulipoingia, kutoka namba ya Jaydeep. *Ni mimi Ngigi. Simu yangu imepotea tangu jana, natumia ya Jay. Mtu akipiga na hiyo namba usishike. Leo koo ni afadhali kidogo lakini sauti bado hakuna.*

Alisoma mara mbili. Ng'ombe aliacha kutafuna. Upepo ulikuwa umetulia juu ya ngano, na hapakuwa na harufu ya maziwa yaliyomwagika, wala ya samadi, wala ya ng'ombe aliyekuwa amemshika chuchu. Kisha nyuma yake, upande wa geti, pasipo simu wala maiki, ile sauti ikaanza kusema wazi na kwa raha, kama inavyosema kwa ukumbi uliojaa.

"Yuko zizini, peke yake. Ameshika simu. Sasa anageuka."

Jepkosgei alikuwa amekwisha kugeuka.