Mvuke wa Lundo

Kila siku akitoka shule, Kidomo alipitia nyumbani kuchukua chakula cha baba yake na kukipeleka kwenye kituo cha umeme. Jina hilo alipewa na shangazi yake. "Mtoto huyu ana kidomodomo!" alisema shangazi siku moja, na jina likanata. Msichana mwenyewe hakujali. Alikuwa hawezi kulala na neno moyoni.

Kituo kile kilizalisha umeme kwa kuchoma vipande vya mbao na maganda ya nafaka. Baba yake alifanya kazi uani, kwenye lundo lililokuwa refu kuliko paa la nyumba yao. Yeye na wenzake walilifukua kwa sepetu na kujaza mkanda uliopeleka mbao kwenye tanuru.

Mbao zilizonyeshewa na kurundikwa kwa muda mrefu hupata joto zenyewe. Wakilifukua lundo, mvuke wa moto ulipanda ukiwa na harufu nzito ya mti. Hapo wafanyakazi walikuwa na mtindo wao. Yeyote aliyebanwa na kifua alisogea, akainamisha kichwa na kuvuta pumzi ndefu. Walisema wanajifukiza.

"Dawa ya bure hii," baba alipenda kusema. "Wengine wananunua ya kupaka kifuani. Sisi tunafunuliwa chungu kila asubuhi."

Ajabu ni kwamba kadiri walivyojifukiza, ndivyo walivyozidi kukohoa. Baba yake Kidomo, ambaye wenzake walimwita Chuma kwa ubishi wake wa kukataa kuchoka, alianza kurudi nyumbani jioni akitetemeka kwa homa.

"Malaria tu," alisema, akajifunika shuka.

"Malaria gani hiyo, baba? Siku ya mapumziko huumwi kabisa. Malaria nayo inapumzika?"

Mama alicheka. Lakini baba alipoanza kukohoa mpaka akashika ukuta asianguke, kicheko kilimkauka. Kesho yake asubuhi mama alimpeleka zahanati, na Kidomo akaenda nao.

Daktari alimpima damu na kumwambia hana malaria. Kisha akamsikiliza mgongoni kwa muda mrefu.

"Unafanya kazi gani, mzee?"

"Kazi za mikono tu, daktari."

"Anavuta mvuke wa lundo la mbao," Kidomo alidakia. "Kila siku! Anasema ni dawa."

Baba alimkata jicho. Mama akatazama dirishani kana kwamba hayumo. Daktari alivuta kiti, akakaa karibu yao.

"Dawa? Mzee wangu, unajidhuru. Mbao zilizolowa na kurundikwa huota kuvu, kama mkate uliosahauliwa kabatini. Kuvu hiyo na vijidudu vingine hutoa vumbi laini lisiloonekana kwa macho. Mkifukua lundo, vumbi linapanda na mvuke, nawe unalivuta mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mapafu yanawaka, ndipo homa inakuja jioni. Ukipumzika yanatulia. Ukiendelea hivi yatakakamaa, na mapafu yaliyokakamaa hayarudi kuwa mazima. Kaa mbali na lundo mpaka kifua kipone. Na hata wazima wasilifukue bila barakoa inayobana uso. Kitambaa hakizuii kitu."

Baba alitikisa kichwa kukubali, lakini walipofika nje akakunja uso. "Nikae mbali na lundo? Chuma mzima? Watanicheka mpaka wachoke." Siku iliyofuata akavaa ovaroli yake na kwenda kazini. Mama alisema mpaka sauti ikamkauka.

Mchana Kidomo alifika langoni na chakula. Kwa kawaida baba humpokea penye mnyororo uliofunga njia, lakini leo alikuwa uani, sepetu mkononi. Lundo lilikuwa limefunguliwa punde tu. Mvuke ulikuwa ukipanda, na wenzake walikuwa wakimwita.

"Njoo ujifukize, Chuma! Kifua kifunguke!"

Baba akapiga hatua kwenda kwao. Kidomo alikasirika. Alimwachia mlinzi chakula, akainama chini ya mnyororo.

"We mtoto, rudi hapa!" mlinzi alifoka. Wapi! Kidomo alikuwa keshafika kando ya baba yake.

"Na mimi nimekuja kujifukiza," alitangaza. Wafanyakazi wakaangua kicheko. "Pua yangu imeziba tangu juzi. Kama ni dawa, baba, nigawie. Si mimi ni mwanao?"

Akainamisha kichwa kuelekea mvukeni.

Baba alitupa sepetu, akamshika ukosi na kumvuta nyuma kwa nguvu, nusura waanguke wote wawili.

"Usivute mvuke huo! Utakuharibu mapafu!"

Mfanyakazi mmoja aliyekuwa ameinamia mvuke aliinua kichwa polepole.

"Kumbe?" akauliza. "Na yetu je?"

Baba hakuwa na pa kujificha. Alimrudisha Kidomo langoni, kisha akawaeleza wenzake yote aliyoambiwa na daktari. Alipokuwa akimalizia, msimamizi alitokea mbio.

"Mkanda unakwenda mtupu! Tanuru likizima nitasema nini?"

"Lundo hili silifukui," baba alisema.

"Asiyetaka kazi, lango lile pale!"

"Lango naliona. Siondoki, na kwenye lundo siingii. Kazi naitaka, na mapafu yangu nayataka vilevile. Tupe barakoa."

"Barakoa hakuna."

"Zipo!" alisema mwanamke aliyeendesha mkanda. "Ziko stoo, zile wanazovaa wageni wakija kutembea. Wao wanapita tu, wanavalishwa. Sisi tunaoshinda humu tunajifunga leso!"

Akazima mkanda wake. Sepetu ya kwanza ikaanguka chini, kisha ya pili, kisha zote. Msimamizi aliwatazama mmoja mmoja akitafuta wa kumwogopa, asimpate. Mwishowe akatoa funguo mfukoni huku akisonya, akaenda kufungua stoo.

Barakoa zilikuwa mwanzo tu. Waliendelea kudai mpaka lundo likawa linamwagiwa maji kabla ya kufukuliwa ili vumbi lisipande, mbao za zamani zikatangulia kuchomwa, na ovaroli zikawa zinafuliwa kazini badala ya kupelekwa nyumbani. Baba alihamishiwa langoni kupokea malori. Homa ya jioni ilikoma, na kikohozi kikapungua taratibu.

Jioni moja alimwita Kidomo akae karibu naye.

"Niambie kweli. Siku ile ungevuta?"

"Ningevuta."

"Usirudie tena kuhatarisha mwili wako kwa ajili ya ukaidi wangu. Mimi nilikuwa naona aibu kusema naumwa, nikajidanganya kwamba mimi ni chuma. Nilipokuona umeinama pale ndipo nilipoelewa. Kama kitu siwezi kukuachia wewe ukivute, kwa nini mimi nikivute?" Alimshika bega. "Afya yako uitetee. Mtu akikwambia uvumilie kinachokuumiza eti utazoea, mkatalie. Mkatalie hata kama mtu huyo ni mimi."