Mfalme Anataka Cheti Chetu cha Ndoa

"Mama, cheti chenu cha ndoa kiko wapi?"

Nilikuwa nimeshika birika la maji ya moto. Nusura nijimwagie mguuni.

"Cheti gani?"

"Cha ndoa, Mama! Una vyeti vingapi?" Gaynor, binti yangu wa pekee, alikuwa ameingia jikoni kwangu bila hodi, simu mkononi, anarukaruka kama mtoto wa shule, na mwenyewe anakaribia sitini. "Najaza fomu ya kadi ya Mfalme. Ndoa ikitimiza miaka sitini, Mfalme na Malkia wanawatumia kadi ya pongezi, ina picha yao na saini. Tarishi anawaletea hadi mlangoni! Si unakumbuka Norma wa nyumba ya pili alivyopata mwaka juzi, akatembea nayo mji wote huu wa Burnley mpaka kwa muuza samaki?"

"Norma anapenda makuu. Sisi hatutaki."

"Mtake msitake, ukumbi wa klabu nimeshachukua. Jumamosi, tarehe kumi na tatu Julai. Watu themanini. Nataka nisimame niwasomee kadi ya Mfalme. Wanachohitaji ni nakala ya cheti tu."

"Kilipotea tulipohama."

"Hamjawahi kuhama, Mama."

Mtoto huyu jamani!

"Basi kimeliwa na panya."

"Usijisumbue. Nimeshaagiza nakala serikalini. Majibu wiki hii." Akanibusu shavuni, akachukua biskuti mbili, huyo akaondoka.

Nikatoka uani mbio, kama mtu wa miaka themanini na mbili anaweza kukimbia. Wilf alikuwa kwenye banda lake la njiwa wa mashindano, anawasafishia.

"Wilf, tumekwisha."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Gaynor ameagiza cheti chetu cha ndoa."

Akaacha ufagio.

"Mwambie ofisi iliungua."

"Ofisi gani iliyoungua, Wilf? Ofisi ipo mjini pale, tunapita na basi kila Jumanne!"

Ngoja niwaambie, maana hapa nilipofika sina cha kuficha. Mimi na Wilf hatukuwahi kufunga ndoa. Mwaka 1964 Wilf alikuwa na mke wa mji mwingine, ambaye mtaani kwetu hawakumjua, Audrey, aliyekwenda Kanada na mwanaume mwingine halafu akagoma kutoa talaka. Mimi nilikuwa mfumaji kiwandani, na mimba ya miezi mitatu. Ikafika likizo ya Julai, ile ambayo viwanda vyote vinafungwa na mji mzima unahamia pwani. Tukaenda Morecambe. Tumekaa kwenye benchi tunakula samaki na chipsi, Wilf akatoa pete mfukoni, akanivisha, akasema, "Tukirudi tutawaambia tumeoana huku."

Ndiyo hivyo tu. Hakuniuliza kama nakubali.

Tulivyorudi, mtaa mzima ulikuwa umetundika bendera za karatasi. Jina lake la Hargreaves nikalichukua kwa mwanasheria wa mji wa jirani, mbali na macho ya watu. Kila tarehe kumi na moja Julai, siku ya pete ile, tunakata keki. Na nitawaambia kitu: cheti hakijawahi kuniuma. Kilichoniuma ni kutoulizwa. Miaka sitini nimelala pembeni ya mwanaume huyu nikisubiri aniulize swali moja, na nilikuwa nimeanza kuamini kwamba nitazikwa bila kulisikia.

Ijumaa, simu ikaita.

"Mama." Sauti ya Gaynor ilikuwa ndogo. "Nakusomea barua pepe yao. 'Tumetafuta kuanzia mwaka 1963 hadi 1966. Hakuna ndoa iliyosajiliwa kwa majina hayo.' Mama, wamekosea, si ndiyo?"

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Mama?"

"Njoo nyumbani, mwanangu. Njoo ukae kitako kabisa."

Alikuja. Tukamweleza yote, mimi nazungumza, Wilf anatazama slipa zake. Gaynor alisikiliza mdomo wazi.

"Kwa hiyo mimi ni mtoto wa nje?"

"Wewe ni mtoto wa ndani kuliko wote," Wilf akasema. "Hukuwahi kulala nje hata siku moja."

Gaynor akacheka, kisha akalia, kisha akacheka tena huku analia. Mimi nikadhani tumevuka salama. Kumbe bado.

"Lakini Baba," akasema huku anapangusa pua, simu yake tayari mkononi, "hapa wanasema sheria ilibadilika mwaka 1971. Mkitengana miaka mitano unapewa talaka hata kama mwenzako hataki. Kwa nini hukuiomba?"

Wilf akainuka. Akapanda ngazi polepole. Tukasikia droo inavutwa. Akashuka na bahasha ya kahawia, akaiweka mezani karibu na kikombe changu.

Nikaifungua. Hati ya talaka. Wilfred Hargreaves na Audrey Hargreaves. Machi, 1973.

"Wilf," nikasema. "Hii ni nini?"

"Unaiona."

"Naiona, ndiyo! Umekuwa huru miaka hamsini na moja? Unakula chakula changu, nakufulia soksi, nakufukuzia paka kwenye njiwa wako, na uko huru, na hukuniambia?"

"Beryl, mpenzi..."

"Usiniite mpenzi! Niite mpangaji mwenzio!" Nikaitupa hati mezani. "Audrey nilimvumilia kwa sababu nilijua umefungwa. Kumbe mlango ulikuwa wazi na wewe umeuegemea! Gaynor, washa gari."

"Mama, tunaenda wapi?"

"Kwako!"

Njia ya mwongo fupi, wanasema. Yetu ilikuwa ndefu kidogo, lakini mwisho ulifika.

Siku ya kwanza kwa Gaynor, Wilf hakupiga simu. Wilf kwa kawaida hajui hata kuandika ujumbe. Simu yake anaitumia kuangalia hali ya hewa kwa ajili ya njiwa. Siku ya pili ujumbe wake ukaingia.

"Beryl. Kifungua kopo kiko wapi."

Sikujibu. Baada ya saa nzima:

"Nimekipata. Maharage hayana ladha."

Sikujibu. Siku ya tatu asubuhi:

"Njiwa wazima. Mimi sio."

Hapo nikalia, siwafichi. Gaynor akasoma juu ya bega langu.

"Mama, mpigie."

"Apige yeye."

"Nyinyi wawili na kiburi chenu! Ndiyo maana hamna cheti!"

Nikapiga. Akapokea kabla haijaita mara mbili.

"Swali moja, Wilf. Kwa nini?"

Nikamsikia anavuta pumzi.

"Sitaki kusema kwenye simu."

"Utasema, au nakata."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi?"

"Mwaka ule wa sitini na nne hukuwa na pa kwenda, Beryl. Una mimba, baba yako kakufukuza. Ungemkubali hata mbwa. Nikajua hukunichagua, ulibanwa. Ile bahasha ilipokuja nikajisemea, leo namuuliza. Halafu nikawaza, sasa hivi ana kazi yake, ana jina zuri, mtoto anaanza kukua. Nikimuuliza leo, anaweza kukataa. Nisipomuuliza, atabaki." Akapenga kamasi. "Nikasema nitamuuliza wiki ijayo."

"Wiki ijayo ya miaka hamsini na moja?"

"Ziliongezeka."

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa na tusi zuri kabisa, tayari. Lakini kifua changu kilikuwa kinadunda kama cha msichana wa kiwandani, hasira na furaha vimechanganyika humo humo. Mjinga wangu huyu alikuwa anaogopa kunipoteza, nami nilikuwa nadhani hanitaki vya kutosha.

"Basi niulize," nikasema.

"Si kwenye simu!" Akakata.

Dakika arobaini baadaye kengele ya mlango ikalia. Wilf, themanini na mitano, kavaa suti ya mazishi, kaja na basi, nywele kazilaza kwa maji. Gaynor akajificha nyuma ya pazia, kana kwamba hatumwoni.

"Siwezi kupiga goti," Wilf akasema. "Goti hili ni la chuma, nikishuka mtaita gari la wagonjwa."

"Nakujua goti lako. Sema."

Akaivua kofia.

"Beryl, uko huru na mimi niko huru. Hakuna mimba, hakuna baba mkali. Unaweza kusema hapana, Gaynor atakupa chumba. Utakubali nikuoe?"

Jamani! Mtu akisubiri kitu miaka sitini, kikija anataka kukiangalia kwanza.

"Ingia ndani," nikamwambia. "Nitafikiria wakati unakunywa chai."

Nikamnywesha vikombe viwili. Alikuwa anashika kikombe kwa mikono yote miwili. Alipomaliza cha pili nikasema, "Nakubali," na Gaynor akapiga ukelele akiwa nyuma ya pazia hadi mbwa wa jirani akabweka.

Lakini furaha haikukaa hata saa moja, maana Gaynor alishasoma sheria.

"Lazima muandikishe nia ya ndoa wilayani kwenu. Halafu majina yenu yanatangazwa hadharani pale ofisini, siku ishirini na nane, kila mtu ayasome. Waalikwa wote themanini watajua kabla ya sherehe. Mama, bado tunaweza kuahirisha."

Wilf akanitazama. "Unasemaje?"

Nilifikiria mtaa mzima. Nilifikiria Norma. Kisha nikasogeza kikombe pembeni.

"Wasome," nikasema. "Waandike kwa herufi kubwa."

Ofisi ya msajili wanawahoji mmoja mmoja, wahakikishe hampeani majibu. Mimi nilipata binti mmoja mpole, Farzana.

"Mnaishi anwani moja?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Mama yako alikuwa hajazaliwa."

Akainua macho. "Hali yako ya ndoa?"

"Andika, hajawahi kuolewa."

"Na una uhakika unafunga ndoa hii kwa hiari yako, hakuna anayekulazimisha?"

"Binti yangu," nikamwambia, "mimi ndiye ninayelazimisha."

Alicheka hadi akaomba tishu.

Haikupita wiki, ujumbe wa Norma ukaingia: "Beryl nimeenda kuandikisha kitukuu changu. Nimeona kwenye matangazo ya ndoa kuna Wilfred na Beryl Hargreaves. Ni ndugu zenu?"

Nikaandika: "Ni sisi. Alhamisi tarehe kumi na moja Julai, saa tano asubuhi. Njoo na kofia."

Dakika tano. Kumi. Nikaanza kujuta. Kisha: "MIAKA YOTE HII MLIKUWA MNAISHI KWENYE DHAMBI NA MIMI NIKO NYUMBA YA PILI SIJUI?? Nakuja. Nanunua kofia mpya."

Siku yenyewe nilivaa gauni la bluu. Nilidhani watakuja watu sita. Wakaja hamsini, wamejazana hadi korido, wengine wamebeba keki, maana habari ya Norma haihitaji redio. Hakuna aliyenicheka. Wanawake niliofuma nao nguo walinishika mikono mmoja mmoja, na wawili walininong'oneza kwamba vyeti vyao navyo vina mambo.

Msajili akauliza kama kuna mtu anayejua kipingamizi cha ndoa hii. Norma akakohoa. Ukumbi mzima ukamgeukia.

"Kikohozi tu!" akasema. "Endeleeni, wazee hawa hawana muda!"

Wilf alipoulizwa, alijibu kabla swali halijaisha. Nilipoulizwa mimi, nilimwacha msajili amalize kila neno, nilisikilize vizuri, ndipo nikasema ndiyo. Gaynor akatia saini kama shahidi wa ndoa ya wazazi wake, machozi yakadondoka kwenye karatasi, wakamwambia aipanguse kwa uangalifu.

"Sasa kadi ya Mfalme tutaomba mwaka 2084," akasema.

"Nitakuwa na miaka mia na arobaini na mitano," Wilf akajibu. "Atume na ya birthday humo humo."

Watu wakatoka nje na keki zao. Sisi tulibaki nyuma kidogo kwa sababu ya goti lake. Akanishika mkono, sura yake nyekundu, machozi yanateleza bila aibu.

"Kumbe ungekubali hata mwaka ule wa sabini na tatu?"

"Sabini na tatu?" nikasema. "Wilf Hargreaves, mjinga wewe. Hata pale kwenye benchi la Morecambe, ungeniuliza, ningekubali kabla hujamaliza chipsi."

Akasimama pale mlangoni akilia kama mtoto, na mimi, mke wake, nikampangusa uso kwa kitambaa changu mbele ya watu wote.