Nyayo Zilizodidimia

Haya yalimfika rafiki yangu Sleyum, mwaka wa pili tangu ahame Unguja kuja Maskati. Alikuwa akimjua farasi kwa nyayo zake: zikigusa mchanga kidogo tu, ana mbio; zikididimia, hana kitu. Kwa ujuzi huo akamwekea dau farasi jike wa jirani katika mbio za Idi. Dau lenyewe lilikuwa bangili za mkewe Mahfoudha, mali pekee waliyotoka nayo kwao.

Magharibi ya kuamkia Idi akaenda na kandili bonde la Wadi Kabir, alikofugwa farasi yule, amtazame mara ya mwisho. Gizani akasikia mhemo, kama wa punda aliyebebeshwa chokaa. Farasi alikuwa akitembea peke yake, hana tandiko wala mtu, na kila kwato ilizama mchangani hadi kifundoni.

"Shuka," Sleyum akanong'ona, hajui amwambia nani. "Nakuomba, shuka. Kauli nshaitoa mbele ya watu, siwezi kuirudisha."

Kitu kikatua mchangani, puu! Farasi akajikung'uta, akaondoka mbio, mwepesi kama unyoya.

Asubuhi farasi yule alishinda. Sleyum akarudi na bangili mkononi, akamkuta Mahfoudha kizingitini ameinamia mchanga.

"Bangili zako hizi, mke wangu."

"Ziweke. Kwanza nambie, bwana we, jana ulirudi umembeba nani?"

Nyayo za jana za makubadhi ya Sleyum zilikuja mpaka mlangoni, zote zimezama hadi kifundoni.

Sleyum akageuka polepole kutazama za leo. Zilizama zaidi.